Nolasco na Meseji za Jumatatu

Benitha aliniambia habari hii tukiwa tunamenya ndizi uani kwake. Alishusha sauti ingawa hatukuwa na mtu ila mwanangu Koku, naye alikuwa amelala mgongoni kwangu. Alisema Nolasco wa kituo cha kupimia watoto anawaandikia meseji waliokufa.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia aliyeisoma. Evaresta, mke wa Protase. Kato wake hajamaliza wiki mbili kaburini, na leo asubuhi simu imelia. Hongera mama, Kato wako leo ametimiza wiki kumi na tatu. Mama Koku, mtu anayehesabu wiki za mtoto wa kaburini anamtaka nini?"

Sikuamini. Benitha jirani yangu ni mtu mwema lakini habari zikimpitia hutoka zimenenepa. Nikamaliza ndizi zangu, nikambana Koku vizuri kwa kanga, nikaenda kwa Evaresta mwenyewe.

Nilimkuta amekaa mlangoni, Nyangoma ananyonya. Nyangoma ndiye pacha aliyebaki. Huku kwetu mapacha wanazaliwa na majina yao tayari, hakuna anayekaa kuwafikiria, huyu Nyangoma, huyu Kato, basi. Kato aliondoka na homa ya mapafu akiwa na wiki kumi na moja. Evaresta alinipa simu tu. Nami nikasoma polepole, maana mimi ni wa darasa la saba na meseji ndefu hunichukua muda.

"Hongera mama Evaresta. Leo Kato wako ametimiza wiki 13. Sasa ameanza kucheka ukimsemesha. Kesho Jumanne mlete kituoni apimwe uzito."

Nilisoma mara mbili. Benitha safari hii hakuongeza hata neno.

Nolasco nilikuwa namfahamu kama wote tunavyomfahamu hapa Kaisho. Ni mtu wa miaka hamsini na mbili, mrefu, shati lake limefungwa hadi kifungo cha juu hata jua likiwa kali. Alikaa seminari miaka miwili akatoka, hakuna ajuaye kwa nini, akatengeneza redio sokoni miaka kumi na tisa. Redio ikitoka kwake ukaifungua, ndani utakuta kikaratasi: tarehe, alichobadilisha, na kwa nini. Mafundi wengine walimcheka, wakisema Nolasco anawaandikia barua watakaomnyang'anya wateja. Yeye alijibu kwamba redio ni ya mwenyewe, si ya fundi.

Umoja wetu wa wakina mama ulipofungua kituo cha kupimia watoto, ulimchukua awe karani. Baadaye wakapatikana wafadhili, na kampuni moja ya mjini, mbali huko, ikapewa kazi ya kutengeneza programu ya kuwakumbusha wakina mama kwa simu. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi meseji inakuja, inakutajia wiki za mtoto wako na unalotakiwa kufanya, mpaka atimize mwaka. Mimi nilizipenda meseji zile. Mume wangu yuko machimboni Geita, na hakuna mwingine aliyekuwa ananiambia hongera.

Jumanne nilikwenda na Koku kupima. Foleni ilikuwa ndefu, na wakina mama walimtazama Nolasco kwa pembeni kama mtu mwenye ugonjwa. Mmoja alisema ili asikike, "Leo tupime wenyewe, karani yuko busy na wateja wake wa chini." Wachache wakacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali.

Ndipo alipoingia Evaresta.

Nyangoma alikuwa mgongoni. Mkononi alishika kadi mbili za kliniki, na begani alikuwa na ile shuka ndogo ya bluu, imekunjwa vile inavyokunjwa ya kumlaza mtoto wa pili wakati wa kwanza anapimwa. Akapanga foleni nyuma yangu. Nilitaka kumgeukia, nikaona shingo yangu haigeuki.

Nolasco aliinuka mezani, akaja moja kwa moja kwake.

"Shikamoo," Evaresta akasema, kama siku zote.

"Marahaba, mwanangu. Hizo kadi ni mbili."

"Umeniambia nimlete."

Mzee yule alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mbele ya wanawake kama arobaini. Mimi sijawahi kumwona mwanaume wa umri ule akimpigia magoti mwanamke wa umri wetu. Akasema, "Sikukuambia mimi, lakini imetoka mezani kwangu. Nisamehe." Evaresta akampa kadi moja, nyingine akaificha kifuani.

Watu walipotawanyika nilibaki nikijifanya namvalisha Koku. Nolasco akaona nimebaki, akanivutia kiti.

"Na wewe umekuja kumtazama mchawi?"

"Nimekuja kuelewa, baba."

Basi akanionyesha kwenye kompyuta. Siku ya pili baada ya mazishi alikuwa ameandika kwamba Kato amefariki, na wala haikubadilisha kitu. Wiki ya kumi na mbili meseji ilikwenda, ila simu ya Evaresta ilikuwa imezimwa kwa ajili ya msiba. Programu ile ilitengenezwa na watu walioamini kwamba namba moja ya simu ni mtoto mmoja. Mapacha hawakuwahi kuwafikiria. Nyangoma na Kato waliingia kwenye mstari mmoja, na jina lililobaki juu ni la aliyeandikwa mwisho.

"Si umfute?"

"Hakuna mahali pa kufuta."

"Basi muandike Nyangoma upya."

"Inaniambia namba hii ina mtoto tayari. Mama Koku, nimekaa hapa siku kumi najaribu. Sikiliza mwenyewe."

Akapiga simu kwa kampuni, akaiweka sauti ya juu. Dada aliyepokea alikuwa na adabu nzuri. Akasema suala letu limepokelewa. Nolasco akamwambia limepokelewa mara nne. Yule dada akamtafuta mkubwa wake, na huyo mkubwa akasema, wala si kwa ubaya, "Mzee, fundi aliyeiandika aliacha kazi mwaka jana. Hakuacha maelezo yoyote. Wengine hapa wanaogopa kuigusa, ukigusa huku inakatika kule."

"Kwa hiyo mliotuuzia hamuijui?"

"Inafanya kazi, mzee. Ila kuibadilisha ndiyo hatuwezi."

Nolasco akakata simu, akakaa ameishika. Siku zote nilidhani wale watu wa mjini wanajua kitu ambacho sisi hatukijui. Kumbe nao walikuwa wanakiogopa, kama sisi.

"Jumapili nitachomoa waya wote," akasema. "Wakina mama mia tatu watakosa meseji, nitawafuata kwa baiskeli. Lakini huyu mtoto hatafika wiki ya kumi na nne."

Jumapili akachomoa kweli, nilimwona nikitoka kanisani, amebeba kompyuta imefungwa kwenye shuka kama mgonjwa. Jumatatu asubuhi nikaenda kukaa na Evaresta ili saa mbili imkute na mtu. Nilimpikia uji. Nyangoma alikuwa anacheka kila nikimsemesha, na nilijuta kumsemesha.

Saa mbili simu ikalia.

"Hongera mama Evaresta. Leo Kato wako ametimiza wiki 14."

Kompyuta ilikuwa kwenye shuka, chini ya kitanda cha Nolasco. Kwa muda kidogo niliamini maneno yote ya Benitha.

Nolasco alifika anasukuma baiskeli, jasho linamtiririka. Aliposoma ile meseji alikaa chini pale pale kwenye majani. Baadaye ndipo alipoambiwa na kampuni kwamba kompyuta yetu ilikuwa dirisha tu la kuchungulia. Programu yenyewe, orodha ya watoto wetu, na namba za siri za kuifungulia, vyote vilikuwa kwao. Umoja haukuwahi kukabidhiwa hata kimoja, na haukuwahi kuomba.

"Mwanangu," akamwambia Evaresta, "nipe hiyo simu nikae nayo kila Jumatatu mpaka nilimalize jambo hili. Nitakuletea jioni."

Evaresta akaikumbatia simu kifuani.

"Usiichukue."

"Inakuumiza."

"Mama mkwe amekataza asitajwe humu ndani. Anasema pacha aliyebaki atamfuata mwenzake akisikia jina. Protase hamtaji. Padri alimtaja siku moja tu. Baba, ni humu kwenye simu peke yake ndiko anakotajwa. Sitaki waendelee kumkuza. Hakui. Lakini msimfute kama hakuwahi kuja."

Nolasco akatoa kalamu mfukoni na daftari, akaandika maneno yale kama yalivyosemwa, akamsomea Evaresta ili ahakikishe. Evaresta akasema ndiyo, ni hivyo.

Tulitembea pamoja hadi njia panda, yeye na baiskeli yake, mimi na Koku. Ndipo aliponiambia lililokuwa linamla.

"Siku ile wale wa kampuni walipokuja kutukabidhi, unakumbuka?"

Nilikumbuka. Tulipika matoke na nyama ya mbuzi, mwenyekiti wetu Prudensia akahutubia.

"Nilitaka kuuliza habari ya mapacha. Swali lilikuwa hapa." Akajigusa kooni. "Lakini tulikuwa tumewapa kahawa ya emwani, wako wanatafuna. Mgeni akiwa na kahawa yako mdomoni unaanzaje kumhoji kama mwizi? Nikaona nitawaaibisha, na nitaaibisha Umoja. Wakatuonyesha picha zinazowaka ukutani, tukapiga makofi, nikatia sahihi. Hakuna aliyegusa kitu. Tuliwapokea kama wageni, mama Koku. Hawakuwa wageni, walikuwa mafundi."

Umoja uliandika barua, mwenyekiti akaipeleka hadi kwa wafadhili, na baada ya siku nne kampuni ikazima kila kitu. Jumatatu iliyofuata hakuna simu iliyolia Kaisho nzima. Nolasco akarudi kwenye daftari. Tangazo lake la siku za kupima lilisomwa kanisani, na msikitini pia mzee Abdallah mwenye duka alikubali kulisoma, na kwa walioko mbali alikwenda mwenyewe na baiskeli, kilima kwa kilima. Kwa Evaresta alipita kila Jumatatu. Alikuwa akisema, "Kesho ni siku ya Nyangoma," basi, akaondoka. Maneno ya uchawi yalipungua, ila hayakuisha. Benitha mwenyewe alisema, "Mchawi gani anaendesha baiskeli mpaka tairi linapasuka," na huo kwake ni msamaha mkubwa.

Miezi miwili baadaye wafadhili wakakubali tujaribu tena. Akaja fundi mwingine kutoka Bukoba, dada aitwaye Shadya, mtoto wa wenye maduka, babu yake alitoka Tanga. Alikuja na kompyuta yake ndogo na kicheko kikubwa. Mimi wakati ule nilikuwa napika chai kituoni siku za Alhamisi, kwa hiyo niliyaona mengi.

Nolasco hakumpa kahawa ya kutafuna. Alimwambia mapema, "Usinione sina adabu, mwanangu. Kahawa utaipata siku mtu mwingine atakapoigeuza kazi yako bila wewe kuwepo."

Shadya akacheka. "Mzee wangu, unanitafutia mrithi nikiwa hai?"

"Ndiyo. Yule wa kwanza naye hakufa. Aliondoka tu, na tukapata msiba juu ya msiba."

Shadya akaacha kucheka. Akaomba aelezwe, na Nolasco akafungua daftari akamsomea maneno ya Evaresta. Baada ya hapo sikumsikia Shadya akimtania tena.

Kazi yao ilikuwa tofauti na ile ya kwanza. Shadya hakupotea miezi sita akarudi na sherehe. Kila Alhamisi alileta kipande kidogo, na Nolasco alikigusa mwenyewe, tena kwa ukorofi. Aliandika humo mapacha wa kujaribia. Aliandika bibi mmoja mwenye simu moja inayotumiwa na wakwe watatu. Aliandika mtoto asiye na jina bado. Siku moja akamtazama Shadya akiandika yale maandishi ya ndani, ambayo mafundi huyaita msimbo, akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa umeandika x2. Ni nani huyu?"

"Ni tarehe ya kuzaliwa, mzee. Mimi naijua."

"Wewe unaijua leo."

Shadya akaguna, akafuta, akaandika tarehe_ya_kuzaliwa. Na pale ambapo jambo lilikuwa gumu, Nolasco alitaka liandikwe pembeni kwa Kiswahili kwa nini limefanywa vile na si vingine. Shadya alilalamika kwamba anaandikishwa insha. Lakini aliandika. Na namba za siri zote zilifungwa kwenye bahasha, moja kwa mwenyekiti, moja kwenye sanduku la Umoja, na nakala ya kazi yote ikawa yetu kila Alhamisi kabla Shadya hajapanda gari.

Kazi ilipokaribia kuisha nilimuuliza Nolasco kama sasa atatia sahihi. Akasema bado. Akamtafuta fundi mwingine Bukoba, Mansoor, ambaye Shadya hakuwa rafiki yake, akampa kazi ya Shadya pamoja na maelezo, akamwomba abadilishe kitu kimoja: meseji ziende Jumapili badala ya Jumatatu, kwa kujaribu tu. Akakatazwa kumpigia Shadya. Mansoor alikwama mara mbili. Shadya alikasirika, akasema anadhalilishwa, akatoka nje akazunguka kituo. Aliporudi aliketi akaparekebisha pale pawili, na mara ya pili Mansoor alimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Jana Jumamosi, nikiwa naanika maharage, nikamwona Nolasco anaingia uani kwangu, shati limefungwa hadi juu, mkononi kijitabu kilichoshonwa kwa uzi. Nikamwamkia, nikamtolea kiti. Alikaa, akamtazama Koku akitambaa kwenye mkeka, akasema amekuwa mzito. Halafu akasema Jumatatu programu mpya inawashwa. Orodha yote ya zamani imehamishwa, watoto mia tatu na tisa.

"Kato yumo?" nikauliza.

"Yumo. Amekuja kama alivyokuwa kule, mtoto anayekua. Lazima aandikwe vizuri kabla ya saa mbili. La sivyo simu itamwambia mama yake ana wiki thelathini na moja, ameanza kukaa."

Nikaacha kuanika.

"Si umuandike wewe, baba? Au Shadya?"

"Mimi na Shadya tunajua tulichokusudia. Sisi hata kijitabu kikikosea mkono unakwenda wenyewe. Mwaka kesho mimi naweza nisiwepo, Shadya ameolewa Zanzibar, na karani atakuwa mtu ambaye hatumjui. Huyo ndiye ninayemtafuta leo."

Nilidhani ananiomba nimsaidie kumtafuta. Nikaanza kumtajia binti wa Prudensia aliyemaliza kidato cha nne. Akatikisa kichwa.

"Huyo anasoma haraka. Anayesoma haraka pasipoandikwa anajazia mwenyewe, hata hajui kwamba amejazia. Wewe nilikuona siku ile unasoma meseji ya chanjo ya Koku. Unaweka kidole kwenye kila neno."

Niliona aibu, nikaangalia maharage. Mimi sijawahi kugusa kompyuta hata kuifuta vumbi. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia nikiharibu nitamharibia Evaresta, na Nyangoma atapotea kwenye orodha, na hilo sitalibeba.

"Ukiharibu, haitakuwa wewe uliyeharibu. Itakuwa kijitabu hiki ni kibovu, na mimi sitatia sahihi, na haitawashwa. Nimeongea na Evaresta. Amekubali. Alisema bora mkono wako kuliko wa mashine."

Akaniwekea kijitabu mapajani. Juu kiliandikwa kwa mwandiko wake: Namna ya kuandika mtoto aliyeondoka, na namna ya kumlinda ndugu yake aliyebaki.

"Njoo Jumatatu saa kumi na mbili na nusu, Koku mwachie Benitha," akasema. "Mimi na Shadya tutakaa nje, mlango umefungwa. Evaresta atakaa pembeni yako, lakini naye hajui kitu. Fuata ukurasa kwa ukurasa mpaka umwone Kato ameandikwa aliishi wiki kumi na moja, na Nyangoma yuko peke yake kwenye mstari wake. Nakuomba jambo moja tu, mama Koku. Ukikwama usituite, na usibahatishe. Acha kila kitu kama kilivyo, uweke alama kwa penseli kwenye neno lililokushinda, kisha utoke nje uniletee kijitabu."